UZI: Chakula tunagawa vizuri, lakini kwenye geti la gereza hatupo

Mwana_Vinsenti (mwanzisha uzi)

Wakuu, Tumsifu Yesu Kristo, na salamu kwa wote mnaopita humu hata kama si wa imani yetu.

Kuna jambo linanikaa moyoni, naomba tulijadili kwa kina. Sisi Wakatoliki tunaojitolea kuhudumia wenye shida tumejipanga vizuri upande wa chakula. Sufuria zipo, zamu zipo, wafadhili wanapatikana, na mwenye njaa akifika mlangoni anajua atakula. Kwa wanaolala nje pia tunajitahidi: blanketi, nguo, mahali pa kuoga, mara nyingine hata kitanda. Ila kwa mtu anayetoka gerezani, vikundi vingi ninavyovifahamu huduma yao inaishia ndani ya ukuta. Tunaingia kusali na wafungwa, tunawapelekea sabuni, tunaimba nao Misa, halafu siku wanayofunguliwa hakuna hata mmoja wetu aliyesimama nje kuwapokea.

Katika Mathayo 25 Bwana anawataja mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, asiye na nguo, mgonjwa na aliye kifungoni, wote mfululizo. Hebu mwangalieni mtu aliyetoka kifungoni leo asubuhi. Kabla jua halijazama anaweza kuwa wote sita kwa pamoja.

Anarudishiwa alivyoingia navyo. Simu haina chaji, laini imeshafungwa. Kitambulisho kimepotea au muda wake umekwisha, na bila hicho hapangi chumba, hafungui akaunti, haajiriwi. Nguo ni za msimu aliokamatwa. Nyumba aliyokuwa amepanga ina mtu mwingine. Dawa alizokuwa anapewa ndani zinatosha siku chache, zikiwepo. Na watu wa kwanza kumtambua akitoka mara nyingi ni wale wale aliokuwa nao kabla hajakamatwa.

Umoja wa Mataifa mwaka 2015 ulipitisha kanuni za kuwatendea wafungwa zinazoitwa Kanuni za Nelson Mandela. Kanuni ya 108 inataka mtu anayeachiliwa awe na hati zake, makazi na kazi ya kwendea, nguo zinazofaa hali ya hewa, na uwezo wa kufika aendako na kujikimu siku za mwanzo. Ukisoma orodha hiyo unaona ni mambo ambayo parokia ya kawaida, yenye watu wa kila fani, ingeweza kusaidia karibu yote. Kwa nini hatupo?

---

Fundi Mbao

Mkuu, hoja nzito, ila kitu kimoja hakijakaa sawa kwangu. Hii si kazi ya serikali? Serikali ndiyo iliyomfunga, serikali ndiyo imrudishe. Tukiibeba sisi, wenye dhamana watakunja mikono.

---

Mwana_Vinsenti

Fundi, serikali ina wajibu na lazima tuudai kwa sauti. Lakini kanuni hizo hizo, ya 90, zinasema wajibu wa jamii haukomi mfungwa anapoachiliwa. Zimesema jamii, na humo tumo mimi na wewe.

Halafu kuna kitu ambacho ofisi haiwezi kukitoa hata ikiwa na fedha zote, nacho ni mtu anayekufahamu. Ofisa ana majalada mengi mezani na jioni anakwenda nyumbani kwake. Mtu wa kujitolea aliyekutembelea ukiwa ndani, anayejua mama yako anaitwa nani na unaogopa nini, huyo akikusubiri nje ni habari tofauti kabisa. Hati, rufaa, ruzuku, hayo tuisukume serikali itoe. Kumpokea mtu kwa jina lake hakuhitaji waraka wa wizara.

---

Tumaini Jipya

Mimi nimetoka ndani. Sitasema wapi wala kwa kosa gani, nilitumikia adhabu yangu nikamaliza.

Alichoandika mwanzisha uzi ni kweli, lakini naongeza mambo ambayo aliye nje hawezi kuyajua.

La kwanza, mlango. Ukikaa ndani muda mrefu unasahau kufungua mlango. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikifika mlangoni nasimama, nasubiri afungue mwingine. Watu wakidhani nina kiburi, au akili haziko sawa. Mwili tu ulikuwa umezoea kwamba mlango hufunguliwa na askari.

La pili, kuchagua. Ndani kila kitu umeshachaguliwa: saa ya kuamka, saa ya kula, pa kulala. Nje siku ya kwanza unaulizwa maswali mia. Unakwenda wapi? Unataka nini? Utaanza lini kazi? Kichwa kinauma. Kwa hiyo ukija kunipokea usinipe mpango wa maisha. Nipe maji, nionyeshe choo, nipe simu niongee na nyumbani, kisha kaa kimya tutembee. Maswali yana kesho.

La tatu, aibu. Nilikuwa na njaa nikapita nje ya ukumbi ambamo watu walikuwa wanagawa chakula bure. Sikuingia, maana niliona kama usoni pangu pameandikwa nilikotoka. Aliyenifanya niingie ni mama mmoja aliyekuwa anafagia ngazi. Hakuniuliza kitu, alisema tu, "Baba, kuna nafasi pale karibu na dirisha." Alivyoniita baba, nikaingia.

Niliyoyataka siku ile yalikuwa madogo, na yangeweza kutolewa na mtu yeyote mwenye saa mbili za nafasi.

---

mama_jikoni

Pole sana mwanangu Tumaini, na hongera kwa kusimama tena. Umeniliza.

Mimi ni wa jikoni, nimehudumia wenye njaa tangu watoto wangu wadogo mpaka sasa nina wajukuu. Nataka niseme juu ya kupanga, maana watu wanadhani moyo mwema unatosha.

Mwaka 1617 Mtakatifu Vinsenti wa Paulo alikuwa paroko katika mji mdogo wa Châtillon huko Ufaransa. Jumapili moja akaambiwa kuna familia nzima inaumwa, hakuna hata wa kumpa mwenzake maji. Akasema kanisani. Mchana ule watu wakafurika njiani na vyakula kwenda kwa wagonjwa wale. Yeye alipoona akafurahi, na hapo hapo akaona kasoro: leo wamepelekewa vingi mpaka vingine vitaharibika, kesho watarudia njaa yao. Huruma ilikuwepo, mpangilio haukuwepo. Basi akawakusanya wanawake wa pale, wakapeana zamu, akawaandikia kanuni.

Nawaomba mzijue kanuni zile. Zinaeleza namna ya kuingia kwa mgonjwa: umsalimie kwa uchangamfu, uandae meza, uweke kitambaa, umsaidie kula. Kisha zinasema uanze na wagonjwa walio na mtu wa kuwaangalia, umalizie na yule aliye peke yake, ili uweze kukaa naye zaidi.

Soma tena hapo. Sisi tunafanya kinyume. Tunawahi kwa wapweke ili tumalize, halafu tunakaa kupiga soga na tunaofahamiana nao. Kwangu jikoni nimeweka utaratibu kwamba anayekula peke yake anahudumiwa na mtu asiye na haraka, na mtu huyo anakaa naye mezani. Sahani ni za kawaida, za udongo au kioo. Na hatuiti namba, tunaita majina.

Kwa hiyo Mwana_Vinsenti, swali lako la kwa nini hatupo, jibu langu ni kwamba hakuna aliyepangiwa zamu ya geti. Kitu kisicho na zamu hakifanyiki.

---

Msema_Wazi

Mimi si Mkatoliki na nitasema bila kuficha, kwa nia njema. Nimeshuhudia vikundi vya dini vikiwaweka watu wenye njaa wakihubiriwa muda mrefu kwanza, chakula kinapoa pembeni. Nimeona pia wanapigwa picha wakipokea blanketi, picha zinapelekwa mtandaoni na uso wa mtu uko wazi. Yule anayetoka gerezani ndiye wa mwisho anayehitaji uso wake usambae. Kama mnakwenda getini na kamera, bora msiende.

---

Mwana_Vinsenti

Ndugu Msema_Wazi, nakushukuru, na nakubaliana nawe bila "lakini".

Papa Benedikto wa 16, katika waraka wake Deus Caritas Est wa mwaka 2005, alieleza wazi kwamba upendo hautolewi ili kupata jambo jingine, na matendo ya huruma yasitumike kuwavuta watu waingie dini. Hayo ni mafundisho ya Kanisa lenyewe. Anayemfanya mwenye njaa asikilize mahubiri kama malipo ya sahani anakwenda kinyume na Kanisa analodai kulitumikia.

Kuhusu picha, msimamo wangu ni mkali: hakuna picha ya anayehudumiwa. Mfadhili akitaka ushahidi apewe hesabu na risiti, au aje ashike mwiko.

---

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Nimesoma yote, naomba niseme ya kitaalamu kidogo kwa sababu hapa kuna uhai na kifo.

Siku za mwanzo baada ya kutoka ni za hatari kuliko watu wanavyodhani. Kuna utafiti uliofanyika katika jimbo la Washington, Marekani, ukachapishwa mwaka 2007, uliowafuatilia watu zaidi ya 30,000 walioachiliwa magerezani. Katika wiki mbili za kwanza hatari yao ya kufa ilikuwa takriban mara 12.7 ya wakazi wengine wa jimbo hilo. Kwa vifo vya kuzidisha dawa za kulevya peke yake ilikuwa mara 129.

Sababu inaeleweka. Mtu aliyekuwa anatumia heroini au dawa za jamii hiyo, akikaa ndani bila kutumia mwili unapoteza uzoefu. Akitoka akachukua kiasi kile kile alichozoea zamani, pumzi inakata. Kwa hiyo anayempokea ajue ishara: usingizi usioamshika, mkoromo mzito, pumzi chache, midomo kubadilika rangi. Ita msaada wa dharura papo hapo. Kuna dawa inaitwa naloksoni inayorudisha pumzi. Pale inaporuhusiwa kutolewa kwa raia, kikundi kijifunze kuitumia.

Wasiotumia kitu nao wana lao. Mwenye kifua kikuu, virusi vya Ukimwi, kisukari, kifafa au ugonjwa wa akili hatakiwi kukatiza dozi. Ndani alikuwa anapewa mkononi, nje hajui aende wapi. Kazi ya mtu wa kujitolea hapa ni ndogo na ina thamani kubwa: mwulize kama ana dawa za kutosha, na umsindikize kliniki kabla hazijaisha. Usimwelekeze tu, nenda naye. Kwenye foleni ya mapokezi ndipo wengi wanapokata tamaa wakaondoka.

Na kwa mnaohudumia wanaolala nje, jamani, angalieni miguu. Soksi kavu na viatu vinavyotosha vinazuia vidonda vinavyomfikisha mtu kwenye kukatwa mguu.

---

Kiti_cha_Nyuma

Samahani kama swali langu litaonekana la woga. Mimi ni mwanamke, naishi na binti yangu. Nikijiunga na huduma hii nitatakiwa kumfungulia mtu nisiyemjua mlango wangu? Moyo unataka, ila naogopa.

---

mama_jikoni

Binti yangu, hofu yako ina akili. Hakuna anayekuomba ulaze mtu nyumbani kwako.

Wapo walioitwa kufanya hivyo. Dorothy Day na Peter Maurin walianzisha gazeti lao la Catholic Worker New York tarehe 1 Mei 1933, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na kutoka hapo zikazaliwa nyumba za ukarimu ambamo wenyeji na wageni waliishi pamoja, wakila meza moja. Ni wito mzito, si wa kila mtu, na unafanywa na jumuiya nzima. Mtu mmoja peke yake na mtoto wake hapaswi kuubeba.

Kwetu hakuna aendaye peke yake. Mwaka huo huo wa 1933 shirika letu la kuwasaidia maskini, Shirika la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, lilikuwa linatimiza miaka mia. Lilianza Paris mwaka 1833, Frédéric Ozanam akiwa kijana wa miaka 20 pamoja na wenzake wa chuo, na aliyewafundisha kazi alikuwa Sista Rosalie Rendu, aliyewajua maskini wa mtaa wake nyumba kwa nyumba. Utaratibu wa shirika mpaka leo ni kwenda wawili wawili. Unamlinda anayehudumu na anayehudumiwa.

Mengine: kukutana kuwe mahali pa wazi. Usikopeshe fedha wala usikope. Namba ya kikundi itumike, si yako binafsi. Na mambo ya mtu aliyoyasema yasitoke nje, isipokuwa uhai wa mtu uko hatarini.

---

Abuu_Salim

Assalaam alaykum. Mimi ni Muislamu, nimevutiwa na mjadala. Katika Sura ya Al-Insan aya ya 8 Mwenyezi Mungu anawasifu wanaolisha chakula, hali ya kuwa wanakipenda, maskini na yatima na mfungwa. Mfungwa ametajwa hapo. Swali langu fupi: mtu kama mimi anaweza kushiriki zamu yenu, au ni ya Wakatoliki tu?

---

Mwana_Vinsenti

Waalaykum salaam kaka Abuu Salim. Karibu kwa mikono miwili. Anayetoka gerezani haulizwi dini, na anayempokea haulizwi. Tena tunakuhitaji hasa: ndugu Muislamu akitoka anaweza kutaka kwanza aonyeshwe msikiti ulipo na qibla, na wewe ndiye wa kumwelewa.

---

Fundi Mbao

Nimerudi, na nimebadili mawazo kiasi. Lakini niseme la kazi, maana huko ndiko nilipo. Supu na soksi haziwezi kumshika mtu nje ya gereza. Kitakachomshika ni kazi. Na mwajiri akiona rekodi ya kifungo anafunga faili.

---

Mwana_Vinsenti

Fundi, umegusa panapouma. Mfano ninaoupenda ni wa Padri Greg Boyle, Mjesuiti, aliyekuwa paroko wa Dolores Mission huko Los Angeles, katika mtaa uliojaa magenge. Mwaka 1988 yeye na waumini wake walianza kuwatafutia vijana wa magenge kazi, na mwaka 1992 wakaanzisha duka la kuoka mikate, ambamo vijana waliokuwa maadui walikanda unga bega kwa bega. Leo huduma hiyo yote inajulikana kama Homeboy Industries, na mbali ya kazi inatoa ushauri nasaha na huduma ya kufuta michoro ya mwilini bure. Hilo la michoro watu hulipuuza, lakini kijana mwenye alama ya genge shingoni hapiti usaili wa kazi, na pengine hapiti hata mtaa wa pili salama.

Sasa nitasema kitu ambacho baadhi ya ndugu zangu hawatakipenda. Kanisa ni mwajiri. Tuna shule, hospitali, nyumba za malezi, mashamba, ofisi. Kabla hatujamwomba mfanyabiashara ampokee aliyetoka kifungoni, tujiulize sisi wenyewe tumempokea nani. Zipo nafasi ambazo kwa haki haziwezi kutolewa kwa kila mtu, hasa zinazohusu watoto, na sheria za kuwalinda lazima zifuatwe bila huruma ya uongo. Lakini upakaji rangi, ufundi, bustani, jiko, usafirishaji? Katika hizo sioni kisingizio.

---

Fundi Mbao

Nimekuelewa. Karakana yangu ina nafasi ya msaidizi mmoja. Tumaini Jipya, kama unamfahamu mtu anayetaka kujifunza useremala, niandikie pembeni. Sihitaji kujua alifungwa kwa nini, nataka kujua kama atafika asubuhi.

---

Tumaini Jipya

Yupo. Nakuandikia leo, na Mungu akubariki kaka.

Ila na mimi nina ombi kwa wote. Kanisa lina vipindi vyake vya huruma: Kwaresima, Noeli, Siku ya Maskini Duniani aliyoianzisha Papa Fransisko, iliyoadhimishwa mara ya kwanza Novemba 2017. Vipindi hivyo tulikuwa tunavisikia mpaka ndani, wageni wanajaa. Fransisko mwenyewe alifungua Mlango Mtakatifu katika gereza la Rebibbia, Roma, tarehe 26 Desemba 2024, na kwa sisi tuliopitia milango ile jambo hilo lilikuwa kubwa mno. Lakini mtu hamalizi kifungo kwa kufuata kalenda ya liturujia. Anamaliza Jumanne moja ya kawaida ambayo haina sikukuu.

Mbaya zaidi ni Ijumaa. Ukitoka Ijumaa mchana, ukifika mjini ofisi zimefungwa, na unakaa na shida yako hadi Jumatatu. Kule England na Wales walitunga sheria mwaka 2023 kuruhusu walio katika mazingira hayo waachiliwe siku moja au mbili mapema. Kwa hiyo zamu yenu ya kwanza ipangeni Ijumaa.

---

Kiti_cha_Nyuma

Nimeamua kujiunga. Tunaanzaje? Tarehe za kutoka tunazijuaje, na mtu akikataa kupokelewa?

---

Mwana_Vinsenti

Karibu sana dada.

Anzieni kwa padri anayehudumia gereza, yeye anawafahamu maofisa wa ustawi humo ndani. Hatuombi orodha ya majina, hiyo ni siri ya watu. Tunaomba mfungwa aliyebakiza miezi michache aulizwe kama angependa kutembelewa na kupokelewa, na akikubali atie sahihi. Hapo tarehe anatupa mwenyewe. Wanaompokea wawe wale wale wawili waliomtembelea, wasiwe wageni kwake. Wahini, maana saa ya kufunguliwa hubadilika bila taarifa, na mtu asiyemkuta anayemsubiri hangoji.

Mkononi muwe na nauli, maji, chakula, simu yenye chaji, nguo za saizi yake, na jibu la uhakika la wapi atalala usiku huo. Hili la mwisho lipatikane kabla ya siku yenyewe, msilitafutie njiani. Kisha wiki mbili zile alizozitaja Muuguzi, mtu mmoja ampigie au aonane naye kila siku, na ratiba hiyo iandikwe kama mama_jikoni anavyoandika zamu zake.

Akikataa, mpe nauli na karatasi yenye namba ya kikundi na anwani ya mahali pa kula, kisha muagane kwa heshima. Namba hiyo ipokelewe wakati wowote atakapopiga, hata mwaka ukipita. Muuguzi, naomba utuandikie hapa ishara zile za hatari kwa ufupi ziingie kwenye karatasi ya wapokeaji. Na mama_jikoni, tunaomba zamu ya geti ianzie Ijumaa hii.

---

mama_jikoni

Nimeshaiandika. Nafasi mbili, jina langu nimeliweka la kwanza, bado mmoja.

---

Abuu_Salim

Niweke mimi, mama. Nitafika baada ya swala ya Ijumaa. Kama wanatoka kabla ya hapo nijulisheni, nitatafuta wa kushika asubuhi.